Kachukudu ni mchezo au ni kazi?

Tangu kiangazi kianze, neno moja linarudi katika kila kikao cha kijiji chetu hapa makazini, magharibi mwa Uganda: tuchukudu. Kwetu Kivu tunasema kachukudu kakiwa kamoja, na tuchukudu tukiwa twingi. Ni skuta ndogo za mbao ambazo watoto wanajitengenezea wenyewe. Mwezi uliopita mtoto mmoja alivunjika mkono akishuka mlima wa shule. Mama mmoja aligongwa akiwa na jerikani ya maji kichwani. Basi wazazi wengine wanasema tuchukudu tote tukusanywe, tufanywe kuni. Na wafanyakazi wa mashirika, ambao wengi hawakuzaliwa Kivu, wanauliza: hiki kitu ni mchezo, au ni kazi ya watoto yenye sura ya mchezo?

Swali lao ni zuri. Lakini naona haliwezi kujibiwa vizuri bila kujua historia ya chombo chenyewe, kilitoka wapi na kilimfundisha nani. Ndiyo maana nimeandika.

Chombo chenyewe

Kwa msomaji asiyeijua: chukudu ya watu wazima ni skuta kubwa ya mbao. Ina magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, ubao mrefu katikati, na usukani wa miti iliyopinda kama pembe za ng'ombe. Gurudumu linachongwa kwa mbao ngumu, linavalishwa raba ya tairi bovu, na ndani linawekwa beringi. Karibu na gurudumu la nyuma kuna kipande cha raba. Ukikikanyaga kinabana gurudumu, hiyo ndiyo breki. Juu ya ubao hupigiliwa kipande cha kandambili, mahali pa kuweka goti. Mwendeshaji anaweka goti moja hapo na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Kwenye mteremko anapanda na kuuacha mzigo umvute. Kwenye mlima anashuka na kusukuma kwa nguvu zote. Haina pedeli, haina mnyororo, haili mafuta. Watu husema hata jina lake limetokana na mlio wake njiani.

Wazee wa Kivu Kaskazini hutaja miaka ya 1970 kuwa ndipo chukudu zilipoanza kuonekana kwa wingi. Ile ilikuwa miaka ya Zaire. Mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alitangaza maduka na mashamba ya wageni yapewe wananchi, na haikuchukua muda bei ya shaba, iliyokuwa inalisha serikali, ikaanguka. Biashara ikalegea, spea za malori zikawa shida, barabara zikaachwa. Lakini watu wa Goma waliendelea kula. Viazi na kabichi za Kibumba, mkaa na mbao za Rutshuru na Masisi, vyote vilipaswa kufika sokoni. Hapo mlima ulisaidia. Kutoka Kibumba hadi Goma ni zaidi ya kilomita 20, na sehemu kubwa ni mteremko. Mtu mwenye panga, patasi, tairi bovu na miti ya mikaratusi aliweza kujitengenezea gari lake.

Chukudu moja hubeba kilo mia kadhaa. Kwa chukudu watu wamejenga nyumba, wametoa mahari, wamelipa minerval za watoto. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu; baadaye mawe yale yale meusi yalisombwa kwa chukudu kwenda kujengea. Na kila vita ilipokaribia mji, familia zilipakia magodoro, masufuria na bibi asiyeweza kutembea juu ya chukudu, zikaondoka. Leo kwenye mzunguko mmoja wa barabara kuu pale Goma kuna sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu. Miji mingi huweka pale jenerali juu ya farasi. Sisi tuliweka mbeba viazi.

Shule isiyo na mwalimu

Sanamu ile haionyeshi kitu kimoja: yule mwanaume alijifunzia wapi? Hakuna shule ya chukudu. Hakuna leseni. Alijifunza akiwa mtoto, juu ya kachukudu.

Mimi nimekulia upande wa Rutshuru. Pale kwetu mtoto wa miaka mitano hivi alianza kwa kupanda nyuma ya kaka yake, akishika shati. Akifika miaka saba au minane anaachiwa kachukudu ka mtu mwingine, kwenye njia tambarare, jioni. Miaka kumi anaanza kutengeneza kake. Magurudumu yetu yalikuwa vipande vya gogo vilivyokatwa kama mikate, bila beringi, na tuliyapaka mawese au sabuni yasilie sana. Kaka yangu alikuwa na fundisho moja tu, na alilirudia mpaka masikio yakachoka: "Mutoto, usiangalie gurudumu, angalia penye unaenda!"

Katika neno hilo kulikuwa na elimu kubwa. Ukiangalia gurudumu unaanguka. Ukiangalia mbele, mikono yenyewe inageuza usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, na mwili unabaki wima. Hakuna mtu anayeweza kukueleza hilo kwa maneno ukalielewa. Lazima mwili ulielewe wenyewe.

Hata baiskeli ilianzia hapo

Wengine wanafikiri chukudu ni ufundi wa umaskini tu, kitu cha watu waliokosa baiskeli. Ukifuata historia unakuta baiskeli yenyewe ilianza kama ndugu wa chukudu. Mwaka 1817, Ujerumani, bwana mmoja aitwaye Karl Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyofuatana, na usukani. Hakikuwa na pedeli. Mtu alikaa katikati na kusukuma ardhi kwa miguu. Tarehe 12 Juni mwaka huo alitoka nacho Mannheim, akaenda na kurudi kilomita 13 hivi kwa muda usiofika saa moja. Watu walishangaa, kwa sababu hawakuamini kwamba chombo cha magurudumu mawili kinaweza kusimama bila kuanguka. Wanahistoria wengine wanakihusisha chombo hicho na mlipuko wa volkano: Tambora, kule Indonesia, ililipuka mwaka 1815, mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi, mavuno yakaharibika na chakula cha farasi kikawa ghali. Sisi watu wa Nyiragongo hatushangai kusikia kwamba volkano inaweza kubadilisha usafiri wa watu.

Na sikiliza hili: haikupita muda, miji kadhaa ya Ulaya ikapiga marufuku vyombo vya Drais kwenye njia za waenda kwa miguu, kwa sababu waendeshaji walikuwa wanagonga watu. Kikao cha kijiji chetu si cha kwanza.

Pedeli zilikuja Ufaransa katika miaka ya 1860. Baada ya hapo watu wazima walichukua baiskeli, na chombo cha kusukuma kwa mguu kikabaki mikononi mwa watoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 watoto wa mijini, Ulaya na Marekani, walijitengenezea skuta kwa ubao na magurudumu ya viatu vya kuteleza. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka na wazazi wengi kukosa kazi, watoto wa Marekani walipigilia sanduku tupu la matunda juu ya ubao kama huo, wakapata usukani. Kule Ufilipino, katika milima ya Banaue, Waifugao wanachonga skuta za mbao ambazo hata fundi wa Kibumba angezitambua. Na leo wazazi wa Ulaya wanawanunulia watoto wa miaka miwili au mitatu kabaiskeli kasiko na pedeli, ili wajifunze kwanza kusimama sawa. Wanalipa pesa nyingi kupata kile ambacho mtoto wa Rutshuru alikipata kwa kipande cha gogo.

Mwili unajifunza nini

Ndani ya sikio la kila mtu kuna kiungo kidogo chenye majimaji kinachoambia ubongo kichwa kimeinama upande gani. Macho yanaleta habari ya pili. Misuli, viungo na nyayo zinaleta habari ya tatu. Mtoto anazaliwa na vyote hivi, lakini kuviunganisha kunahitaji miaka ya kutembea, kuruka, kupanda na kuanguka. Watoto wengi wakifika miaka minne wanaweza kuruka kwa mguu mmoja, na kufikia mitano au zaidi kidogo wanaweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10. Kachukudu kanachukua uwezo huo na kuuongezea mwendo: mguu mmoja unabeba mwili, wa pili unasukuma, mikono inaongoza, macho yanapima mbele, na vyote vinatakiwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ni vizuri mtoto azoee kubadilisha mguu, kulia na kushoto, ili pande zote mbili za mwili zipate nguvu.

Kuna pumzi pia. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za mwendo unaopandisha mapigo ya moyo. Mtoto mwenye kachukudu hahitaji kuambiwa. Anateremka mara moja, kisha anapanda mlima akikasukuma, anateremka tena, mpaka giza liingie.

Kisha kuna akili ya kupima. Huyu aliye mbele yangu anatembea au amesimama? Nikianza kubana breki hapa, nitasimama kabla ya shimo? Na kuna akili ya fundi. Gurudumu lisipokuwa duara kamili, kachukudu kanaruka kama sungura. Mtoto anarudi nyumbani, anapima kwa kamba kutoka katikati, anachonga tena. Nimeona kijana wa darasa la nne ambaye hesabu zilimshinda ubaoni akimweleza mwenzake, kwa kamba na msumari, kwa nini katikati ya gurudumu lazima pawe katikati kweli. Hakujua kwamba alikuwa anafundisha jiometri.

Hapa ukimbizini naongeza jambo moja. Mtoto wetu ameamuliwa karibu kila kitu: usiku wa kukimbia, kiwanja cha kuishi, foleni ya posho, hata lugha ya darasani. Juu ya kachukudu ndipo anapoamua mwenyewe wapi pa kugeuka na lini pa kusimama. Sisemi kachukudu ni dawa ya vita. Nasema ni mahali padogo ambapo uamuzi ni wake na matokeo anayaona papo hapo.

Kuanguka

Lakini yule mtoto aliyevunjika mkono hakuvunjika kwa maneno, na mama yake ana haki ya kujibiwa. Historia ina jibu hapa pia. Mwaka 2000 skuta nyepesi za kukunja, zilizoanzia Uswisi, zilienea Marekani kama moto wa kiangazi. Kati ya Januari na Oktoba mwaka huo watu zaidi ya 27,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali za kule kwa sababu ya skuta. Takriban 85 kati ya kila 100 walikuwa na umri chini ya miaka 15. Walioumia mkono walikuwa wengi kuliko walioumia mahali pengine, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza mkono.

Wenzetu wale hawakuchoma skuta zao. Waliambiwa watoto wavae kofia ngumu na vikinga vya viwiko na magoti, wakae mbali na magari, na walio chini ya miaka 8 wasiachwe bila mtu mzima wa kuwaangalia. Kofia ngumu hapa kwetu ni ndoto kwa wengi, najua. Lakini mahali salama na jicho la mtu mzima haviuzwi dukani. Mlima wa shule ni mbaya kwa sababu chini yake unakutana na njia ya bodaboda na njia ya kisima. Mtoto hakuvunjwa na kachukudu peke yake; alivunjwa na mahali alipokaendeshea.

Mzigo

Sasa nirudi kwenye swali la watu wa mashirika, maana ndilo gumu. Chukudu ni chombo cha kazi. Kwetu, mvulana aliyejua kachukudu vizuri alikuwa anaangaliwa na watu wazima kwa jicho fulani. Leo kanabeba mdogo wake, kesho jerikani moja, keshokutwa gunia. Nimewafahamu wavulana wa miaka kumi na mbili walioacha shule barabarani namna hiyo, kidogo kidogo, bila mtu yeyote kutangaza kwamba wameacha. Mgongo wa mtoto haujakomaa, na mzigo mzito kwenye mteremko hausikilizi breki ya raba. Tukiificha sehemu hii ya historia, hatutakuwa tumewatetea watoto.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, unaweka mambo haya mawili jirani kabisa. Kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kifungu cha 32, mstari unaofuata, kinasema alindwe dhidi ya kazi ya kumnyonya, kazi ya hatari, kazi inayomzuia kusoma. Uganda na Zaire zote ziliuridhia mwaka 1990. Mwaka huo huo Afrika iliandika mkataba wake wa haki na ustawi wa mtoto, na ndani yake mchezo una kifungu na kazi ina kifungu. Walioandika walijua kwamba mambo haya yanakaa karibu, na kwamba kuzuia moja hakupaswi kuua la pili.

Basi tutatofautishaje, wakati mbao ni zile zile na magurudumu ni yale yale? Mimi natumia kipimo hiki: nani anaamua safari imekwisha? Kama mtoto anaweza kusema "nimechoka" akakaegesha na kwenda kula, huo ni mchezo, hata kama kachukudu kamebeba kifurushi cha shangazi. Kama anaogopa kusimama kwa sababu mtu mzima anangoja mzigo au pesa, hiyo ni kazi, hata kama anacheka akiteremka. Mfanyakazi wa shirika anaweza kuuliza swali hilo kwa Kiswahili chepesi, na mtoto atajibu.

Ninachoomba

Tuchukudu tusichomwe. Mtoto atakayenyang'anywa kake leo atatengeneza kengine kesho, kibaya zaidi, na atakaendesha mbali na macho yetu.

Badala yake, kijiji kichague mteremko mmoja mfupi, usiokutana na bodaboda wala njia ya kisima, uishie kwenye nyasi. Saa za jioni wazazi wapokezane kukaa pale, wawili wawili. Tunapokezana kulinda mahindi, hatushindwi kulinda watoto. Mafundi waliotoka Kibumba na Rutshuru, ambao hapa mikono yao imekaa bure, wapewe Jumamosi moja kwenye kituo cha watoto, wawaonyeshe namna ya kuweka breki na kupima gurudumu. Mbao chache na matairi mabovu vinatosha. Hakuna haja ya kusubiri mradi mkubwa. Kanuni iwe moja, ya kila mtu kuijua: kasiko na breki hakashuki, na gunia halipandi juu ya kachukudu ka mtoto.

Na wasichana wasisahauliwe. Kwetu chukudu ilikuwa ya wanaume, na dada zangu walibeba kuni mgongoni huku sisi tukiteremka. Hapa nimeona wasichana watatu wa block yetu wakipokezana kachukudu kamoja, na mdogo wao anawashinda wavulana kwenye kona. Masikio ya ndani ya msichana hayana tofauti na ya mvulana. Tukipanga saa za mteremko, zipangwe na za kwao, ili wasisukumwe pembeni na kaka zao.

Watoto hawa wengi wao hawajaiona Goma. Wengine walizaliwa hapa hapa. Hata hivyo, bila kuelekezwa na mtu wamechonga gurudumu la babu zao kwa mti wa Uganda. Kikao kinachofuata ni Jumapili baada ya ibada. Mwenye kujua mteremko unaofaa aje aseme, na mwenye msumeno aje nao.